Nikeli ya Ngasamo na tajiri wa Norilsk

Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, ambayo makao makuu yake yako Nyashimo, ina utajiri ambao bado haujalipa hata mshahara wa mlinzi wa mgodi. Ni nikeli ya kilima cha Ngasamo, inayojitokeza tena upande wa Dutwa, katika wilaya jirani ya Bariadi. Kampuni ya African Eagle Resources, iliyokuwa na hisa zake katika soko la London, ilichoronga huko kuanzia karibu mwaka 2008 na kukadiria takribani tani milioni 100 za mbale, zenye nikeli isiyofika asilimia 1.

Nikeli ya aina hiyo ina kazi kubwa. Haiko ndani ya mwamba mgumu kama ile ya Kabanga, wilayani Ngara. Iko katika tabaka la juu, kwenye miamba iliyolainishwa na mvua na joto kwa mamilioni ya miaka, na kuitenganisha na udongo kunataka tindikali nyingi ya salfa, maji, umeme wa uhakika na njia nafuu ya kuisafirisha. Kufikia mwaka 2013 bei ya dunia ilikuwa imeporomoka, kampuni ikakosa wa kuuchangia mradi, na Ngasamo ikabaki kwenye ramani za wanajiolojia.

Kisha, tarehe 24 Februari 2022, majeshi ya Urusi yakaivamia Ukraine. Kabla ya siku hiyo tani moja ya nikeli iliuzwa kwa takribani dola 24,000. Asubuhi ya tarehe 8 Machi, katika Soko la Metali la London, ilivuka dola 100,000. Soko lilifungwa, biashara yote ya asubuhi ile ikafutwa, na ilichukua zaidi ya wiki moja kufunguliwa tena. Waliokuwa wameahidi kuuza nikeli wasiyokuwa nayo walikuwa wakiinunua kwa bei yoyote, huku kila mmoja akijiuliza kama madini ya Urusi yatazuiwa.

Swali hilo lilikuwa na jina la mtu. Vladimir Potanin ndiye mwenye hisa mkubwa wa Norilsk Nickel, akiwa na zaidi ya theluthi moja kupitia kampuni yake ya Interros. Norilsk, iliyo juu ya mzingo wa Aktiki, hutoa karibu sehemu 2 kati ya 5 za paladiamu ya dunia, pamoja na nikeli safi ambayo viwanda vya Ulaya vimeizoea kwa miongo mingi. Potanin hakuirithi wala hakuijenga. Mwaka 1995 serikali ya Urusi, ikiwa haina fedha, iliweka rehani hisa za mashirika yake makubwa kwa mabenki. Benki ya Potanin ilipata asilimia 38 ya Norilsk kwa dola milioni 170, katika mpango ambao yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliouasisi.

Mtu wa namna hiyo alitarajiwa kuwa juu kabisa katika orodha ya vikwazo. Haikuwa hivyo. Umoja wa Ulaya uliwaweka orodhani matajiri wenzake Alisher Usmanov, Mikhail Fridman na Petr Aven siku nne tu baada ya uvamizi. Uingereza ilimfikia Roman Abramovich na Oleg Deripaska tarehe 10 Machi. Potanin alibaki nje, na katika miezi hiyo alifanya ununuzi mkubwa. Société Générale ya Ufaransa, ikikimbia Urusi, ilimuuzia benki ya Rosbank. Oleg Tinkov, aliyethubutu kuvilaani vita hadharani, aliiuzia Interros hisa zake za benki aliyoianzisha, na akalalamika kwamba bei ilikuwa ya kutupa. Uingereza ilimwekea Potanin vikwazo mwishoni mwa Juni 2022, na Marekani ikasubiri hadi tarehe 15 Desemba. Umoja wa Ulaya, ambao viwanda vyake ndivyo vinavyoihitaji zaidi nikeli hiyo, ulikuwa bado haujamgusa vita vilipoingia mwaka wa tatu.

Hata Marekani ilipomgusa, Norilsk Nickel yenyewe iliachwa iendelee. Kanuni ya Wizara ya Fedha ya Marekani inasema kampuni inafungiwa pamoja na mwenyewe ikiwa ana asilimia 50 au zaidi. Potanin alikuwa chini ya nusu, kwa hiyo fedha zake zilizuiwa na madini yake yakaendelea kupakiwa melini. Ni mwezi Aprili 2024, zaidi ya miaka miwili baada ya makombora ya kwanza, ndipo Marekani na Uingereza zilipoyazuia masoko ya London na Chicago kupokea nikeli, shaba na alumini mpya ya Urusi. Wanunuzi wa China hawakuhusika na marufuku hiyo.

Kusita huko kulikuwa na historia. Aprili 2018 Marekani ilimwekea vikwazo Deripaska pamoja na Rusal, mzalishaji mkubwa wa alumini. Ndani ya wiki mbili bei ya alumini ilipanda zaidi ya robo, na viwanda vya Ulaya vikapiga kelele. Januari 2019 Rusal iliondolewa kwenye orodha baada ya Deripaska kupunguza hisa zake katika kampuni mama hadi chini ya nusu, ingawa yeye binafsi aliachwa orodhani. Tangu hapo kila mwanasheria wa tajiri wa madini anajua nambari ya kukimbilia.

Naamini vikwazo dhidi ya matajiri wa dola inayovamia jirani yake ni haki. Aliyepewa migodi ya umma na watawala, akanenepa chini ya kivuli chao, hawezi kudai kwamba mabomu yao hayamhusu. Kinachoniuma ni kwamba orodha inaandikwa huku jicho moja likiwa kwenye bei. Mwenye boti ya kifahari huko Italia hushughulikiwa ndani ya wiki moja. Mwenye madini ambayo kiwanda cha magari hakiwezi kuyakosa husubiriwa mpaka kiwanda kipate pengine pa kununua. Gharama ya kusubiri huko, na ya kutosubiri pia, huwaangukia watu ambao hawakuulizwa.

Katika mbolea hali hiyo ilionekana wazi zaidi. Andrey Melnichenko, mwenye EuroChem, alihamishia umiliki kwa mkewe tarehe 8 Machi 2022. Kesho yake Umoja wa Ulaya ukamwekea vikwazo, na miezi mitatu baadaye ikabidi uende kumweka mke naye. Dmitry Mazepin wa Uralchem, aliyewekewa vikwazo pia, alishuka hadi asilimia 48 ya hisa. Mbolea yenyewe haikupigwa marufuku, lakini benki, wenye meli na kampuni za bima ziliogopa kuugusa mzigo wenye jina la mtu aliye orodhani. Shehena zikakwama bandarini Ulaya. Baadaye Uralchem ilizitoa baadhi kama msaada, tani 20,000 kwa Malawi na tani 34,000 kwa Kenya, zilizofika Mombasa mwezi Mei 2023. Tajiri aliyewekewa vikwazo akapigiwa makofi kama mfadhili. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya nao ulikuwa umelegeza masharti, ukaruhusu kufunguliwa kwa fedha za baadhi ya vigogo wa chakula na mbolea.

Kwetu hakuna aliyewekewa kikwazo kwa ajili ya vita hivyo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 35 zilizojizuia kupiga kura tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoulaani uvamizi. Bei haikutambua msimamo huo. Mfuko wa kilo 50 wa urea ulipita shilingi 120,000, na serikali ikalazimika kutenga shilingi bilioni 150 za ruzuku ili mkulima aupate kwa shilingi 70,000 kuanzia Agosti mwaka ule. Wakulima wengi wa pamba wa Simiyu hawatii mbolea, kwa hiyo waliolia zaidi hapa ni wa mpunga na mahindi. Mafuta yaliwaumiza wote. Petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, serikali ikamwaga ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, na bado mwenye mtumbwi wa injini katika Ghuba ya Speke alilazimika kupima kama safari ya sangara italipa. Ruzuku hizo zote mbili ni fedha za kodi, na zingeweza kuwa visima na zahanati.

Kuna vita vingine, vya karibu zaidi, ambavyo matajiri wake tunawajua kwa majina ya mitaani. Dhahabu ya mashariki mwa Kongo imepita Kampala, Kigali na Bujumbura kwa miaka mingi kabla ya kufika Dubai. Umoja wa Mataifa uliziwekea vikwazo kampuni mbili za wanunuzi wa dhahabu za Kampala, Machanga na Uganda Commercial Impex, mwaka 2007. Tarehe 17 Machi 2022 Marekani ikamfungia Alain Goetz, Mbelgiji aliyeanzisha kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Entebbe ambacho Rais Museveni alikizindua mwaka 2017. Miaka mitatu baadaye, tarehe na mwezi vikiwa vilevile, baada ya waasi wa M23 kuiteka miji ya Goma na Bukavu, Umoja wa Ulaya uliiwekea vikwazo Gasabo Gold Refinery ya Kigali. Mwezi mmoja kabla yake Marekani ilikuwa imemfungia waziri wa Rwanda, James Kabarebe. Rwanda inayakana madai yote. Linganisha kasi tu. Kampuni za Kampala zilifungiwa wakati damu ilikuwa imemwagika Ituri, mashariki mwa Kongo, kwa miaka, ilhali Moscow ilihesabiwa kwa siku. Nchi zinazopoteza kidogo kwa kuchukua hatua bado zilichelewa, na sioni sababu nyingine isipokuwa kwamba waliokuwa wakifa walikuwa mbali na macho yao.

Mwanza, ambako wenye shughuli kubwa wa Nyashimo huenda kununua na kuuza, ina kiwanda chake cha kusafisha dhahabu tangu 2021, kikiwa na ubia wa STAMICO, shirika la madini la taifa. Mnunuzi wa ng'ambo atakayeuliza dhahabu ile imetoka kwa nani, ajibiwe kwa hati. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 yalisaidia hapo, kwa sababu mchimbaji mdogo anauza mahali penye mizani na stakabadhi.

Turudi Ngasamo. Waliodhani kufungiwa kwa Mrusi kungeleta mtaji Simiyu hawakuitazama Indonesia. Nchi hiyo ilizuia kusafirisha nje mbale ya nikeli mwaka 2020, ikawalazimisha Wachina kujenga viwanda huko huko, na sasa inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia. Na mbale yao ni ya tabaka la juu kama ya Ngasamo, ila yenye kiwango kizuri zaidi na bandari jirani. Bei ikarudi chini, ikacheza karibu na dola 16,000 mwaka 2024. Kampuni ya madini ya BHP ilisimamisha shughuli zake za nikeli Australia Oktoba mwaka huo. Julai 2025 ikatoka Kabanga, ambako ilikuwa imeweka dola milioni 90, na kuwaachia Lifezone Metals hisa zake. Ikiwa Kabanga, yenye mbale tajiri kuliko nyingi duniani, imempoteza mbia wa namna hiyo, mbale ya Busega isiyofika asilimia 1 haitakuja kuokolewa na vita vya mtu mwingine.

Inachoweza kufanya halmashauri, na wizara juu yake, ni kujua atakayebisha hodi ni nani. Namtumbo, mkoani Ruvuma, mradi wa urani wa Mto Mkuju ni wa Uranium One, kampuni ya Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi. Januari 2025 Marekani ilimwekea vikwazo mkuu wa Rosatom, Alexey Likhachev. Julai 30 mwaka huohuo alikuwa Namtumbo katika uzinduzi wa mtambo wa majaribio. Marekani yenyewe ilipitisha mwaka 2024 sheria ya kuzuia urani ya Urusi, ikajiachia mlango wa misamaha hadi mwisho wa 2027 kwa sababu vinu vyake vinaihitaji. Sisemi Tanzania iukatae mradi kwa orodha ya Washington. Nasema mkataba wa miaka 20 uandikwe ukijua kwamba siku yoyote benki inaweza kukataa kupitisha malipo ya mishahara, mrabaha na ushuru wa huduma wa halmashauri.

Tangu Sheria ya Fedha ya 2020 kila kampuni nchini inatakiwa kuitajia BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, mmiliki manufaa, yaani binadamu anayefaidi mwishoni. Ni chombo kizuri, lakini mfano wa Melnichenko unaonyesha jina linavyoweza kubadilika kwa usiku mmoja. Leseni ya Ngasamo itakapotolewa, sharti liwe kwamba hisa zinazozidi asilimia 5 haziondoki mkononi mwa mtu kabla ya Tume ya Madini na halmashauri kujulishwa, wake na watoto wakihesabiwa pamoja na mume. Ushuru wa huduma wa miezi 12 uwekwe mapema katika benki ya hapa nchini. Mgodi haujajengwa, kwa hiyo masharti hayo bado yanaweza kuandikwa bila kumvunjia mtu mkataba.