Kwa nini laptopu zimekuwa za bei ndogo huku kwetu, na kile tunachoahirisha kila siku



Juma lililopita rafiki mmoja tuliyesoma naye agronomia alinipigia simu toka Beni. Alikuwa Boulevard Nyamwisi, ndani ya duka, ameshika laptopu safi kabisa, Core i5, RAM ya 8, dola 130. "Ninunue ao niache?" Nikamuuliza: hiyo i5 iko ya ngapi? Akanyamaza. Akamuuliza muuzaji, naye akajibu: "Iko i5, papa, ni mashini ya nguvu."

Swali lile njo ninataka kueleza leo, juu wengi wetu tunatafuta mkate kwa mashini kama ile.

Tuanzie mbali kidogo. Wakati wa corona, 2020 na 2021, dunia nzima ilinunua kompyuta kwa mara moja: watoto walisomea nyumbani, maofisi yalihamia sebuleni. Kampuni ya IDC, inayohesabu mauzo hayo, ilipata karibu kompyuta milioni 349 kwa mwaka 2021. Mwaka 2022 zikashuka hadi karibu milioni 292, na 2023 zikaenda chini ya milioni 260. Watu hawakuzichukia. Aliyenunua jembe jipya msimu huu hanunui lingine msimu ujao, basi.

Halafu ikaja tarehe 14 Oktoba 2025. Siku ile Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ambao njo uko ndani ya mashini nyingi tunazoziona Butembo na Beni. Ukitaka Windows 11, mashini lazima iwe na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Maofisi ya Ulaya na Marekani yakaanza kuondoa mashini nzima nzima, ambazo bado zinawaka vizuri, na mauzo ya mpya yakapanda tena mwaka ule. Hizo zilizoondolewa hazitupwi zote. Zingine zinapita Dubai, zinashuka Mombasa, zinapanda Kampala, zinavuka Mpondwe na Kasindi, na mwisho unazikuta kwenye meza ya duka letu zikiwa zimepanguswa vumbi.

Na huku kwetu? Muuzaji mmoja ninayemfahamu hapa Butembo ameacha kuagiza mpya. Wanunuzi wake walikuwa miradi na mashirika. Mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID, na mwishoni mwa Januari ya mwaka ule ule Goma ilichukuliwa na M23, hata serikali ya jimbo ikahamia Beni. Mtu aliyekuwa na mkataba alibakia bila mkataba. Nani atatoa dola 600 kwa mashini mpya? Basi bei ndogo ya mashini ile ya Beni ina maelezo yake: kule wanaziondoa, huku hakuna feza.

Turudi kwa swali. Ndani ya "Paramètres", "Système", unaona kitu kama i5-6300U ao i5-8350U. Angalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Ile 6 ni kizazi cha 6: Windows 11 haiikubali kwa njia ya kawaida. Ile 8 ni kizazi cha 8: inapita. Ikiwa ni 10, 11 ao 12, hesabu mbili za kwanza. Njo maana HP EliteBook 840 G3 na 840 G5 zinafanana kwa macho lakini si bei moja: G3 iko ya kizazi cha 6, G5 kwa kawaida ya kizazi cha 8. Kwa Lenovo, T470 iko upande mmoja, T480 kwa kawaida upande mwingine. Muuzaji akikuambia "zote ni i5", mwonyeshe tarakimu.

Sasa ninaingia kwa kile kinachoniuma. Hata sisi wenye mashini zinazokubaliwa, masasisho hatuyafanyi. Tunanunua intaneti kwa megabaiti, na sasisho moja kubwa linaweza kula giga kadhaa, ndiyo chakula cha siku mbili. Kwa hiyo tunaweka "connexion limitée", ama tekinisien anazima Windows Update kabisa siku anapoweka mfumo, na sisi tunamshukuru. Mimi nilimshukuru. Nilikaa miezi 14 hivi.

Nilikuwa na faili za mashamba ya kakao karibu 180 upande wa Mutwanga, alama za GPS, majina, ukubwa. Mnajua uzito wa kazi ile: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kakao inayoingia kwao ijulikane imetoka shamba gani, na shamba linalopita hekta 4 linachorwa mpaka wake wote. Utekelezaji wameusogeza zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanauliza tangu sasa. Siku moja nikaenda kuprintisha ripoti kwenye sekretariati moja mjini, ufunguo wa USB ukaingia kwao, ukarudi kwangu. Kesho yake faili zote zimebadilika majina, hazifunguki, na barua ndani inadai dola. Nusu ya mashamba tuliyapima upya, kwa mguu. Wakulima wawili walikataa kunipokea mara ya pili, na siwalaumu.

Siwezi kuapa kwamba masasisho yangenikinga kabisa. Lakini Defender, ile kinga inayokuja na Windows, inapata habari za virusi vipya kwa njia ile ile ya Windows Update. Ukifunga mlango ule, mlinzi anabakia na picha za wezi wa mwaka jana. Mwezi wa 5, 2017, virusi vya WannaCry vilipiga mashini za nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwa imetoka mwezi wa 3. Miezi miwili tu.

Sisi wa agronomia tungepaswa kuelewa mbele ya wengine. Mnyauko wa ndizi ulioonekana Masisi mwaka 2001 umeshuka mpaka Beni, na moja ya njia zake ni panga: umekata mgomba mgonjwa, unaingia kwa mzima bila kupitisha panga kwenye moto. Tunawafundisha wakulima hivyo kila msimu. Halafu tunachomeka USB popote.

Mwenye Windows 10 ambaye mashini yake haipiti, kuna mpango wa Microsoft wa kuongeza masasisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, ao unaupata bila kulipa ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Lazima uwe na toleo 22H2: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, utaliona. Baada ya hapo, mimi ninapendekeza Linux Mint, ni bure, na LibreOffice pamoja na QGIS zinatembea ndani yake. Kwa megabaiti, sisi watu watatu tunachanga forfe ya usiku mara moja kwa mwezi, kila mtu na chaja yake kwenye umeme, juu mashini ikizimika katikati ya sasisho inaweza kukataa kuwaka.

Ile ya Beni ilikuwa i5-6300U. Rafiki ameipata kwa dola 105 baada ya kumwonyesha muuzaji tarakimu. Jumamosi anapanda Butembo, tutaiweka Mint.