Kura Ni Siri, Basi Pesa Ni ya Bure?

Kila nikialikwa Makina, hapa Kibra, kuzungumzia uchaguzi, swali huwa lile lile: "Mwalimu, si tukule tu pesa yao, halafu tupige kura tunavyotaka? Kura si ni siri?" Wanaouliza hujiona wajanja. Wameliwa.

Kura ni siri, naam. Lakini mgawa noti hana haja ya kukuchungulia kibandani. Kazi yake imekwisha mapema, kwenye mchujo wa chama, pale muuza mitumba wa soko la Toi mwenye sera nzuri alipojiondoa kwa kukosa cha kugawa. Siku ya kura unachagua kwa uhuru kamili kati ya waliobaki.

Na hiyo "pesa yao" ni ya nani? Mwaka 1992 kundi la vijana wa KANU, YK'92, likiongozwa na Cyrus Jirongo, lilimwaga pesa za kumpigia debe Rais Moi hadi noti ya shilingi 500 ikaitwa "Jirongo". Nchi ilifurika noti, kashfa ya Goldenberg, ya malipo ya serikali kwa mauzo hewa ya dhahabu, nayo ikichangia, na 1993 mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46. Waliokula na wasiokula walilipa pamoja, dukani. Mnunuzi wa unga wa kupima aliumia kuliko mtu wa Karen, mtaa wa matajiri. Tena Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 huwashika mtoaji na mpokeaji wa hongo.

Dawa mojawapo ni kuweka kikomo cha pesa za kampeni, na kwingine jambo hilo hubishaniwa kiitikadi. Uingereza iliwawekea wagombea kikomo cha matumizi 1883. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua 1976 kwamba kutumia pesa kwenye kampeni ni sehemu ya uhuru wa kujieleza. Kwetu Kenya hata ubishi haupo. Sheria ya kufadhili kampeni ilipitishwa 2013, ikasimamishwa kabla ya uchaguzi wa 2017. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilipotangaza 2021 kikomo cha shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, Bunge likazitupa kanuni za kukitekeleza. Wanasiasa wanaotukanana kila Jumapili, hapo walielewana vizuri sana.

Haya, la kufanya. Jiandikisheni chamani mpige kura ya mchujo. Mgombea asiye na kitu mchangieni, hata hamsini hamsini kwa simu. Mgawa noti mwulizeni mbele ya watu amezitoa wapi. Hongo iripotini IEBC au EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Na anayetaka ubunge wa Kibra 2027 aseme hadharani kama ataunga mkono kikomo cha matumizi. Jibu lake liandikeni.