Springi za Mbele na Mawe ya Rusinga

Mawe yanayotikisa magari kisiwani Rusinga yalitapikwa na Kisingiri, volkano iliyokufa zamani na ambayo mabaki yake yako bara, kusini mwa kisiwa. Takriban miaka milioni 18 iliyopita majivu yake yalifunika misitu na wanyama, yakagandamana na kuwa mwamba. Mwaka 1948 Mary Leakey alichimbua humo fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyelifanya jina la Rusinga lijulikane duniani. Enzi hizo watafiti walifika kwa mashua. Siku hizi tuta na daraja la Mbita vimekiunganisha kisiwa na bara, na mwamba ule ule ulioihifadhi mifupa ndio unaochomoza katikati ya njia za kuelekea vijijini na chini ya mlima Hiwegi. Pikapu zinazobeba samaki na barafu, magunia ya omena, saruji, na pengine mgonjwa anayekimbizwa Homa Bay, hupanda na kushuka juu yake kila siku. Kazi hiyo hulemea sana springi za mbele.

Springi ya koili huonekana kana kwamba inabanwa tu. Sivyo. Ukifuata chuma chake duru kwa duru, utaona kwamba kila kipande cha ule ufito kinapindwa, jinsi mtu anavyokamua nguo. Ni ufito mrefu wa chuma uliokunjwa ili utoshe mahali padogo, na uzito wa gari hujaribu kuusokota. Robert Hooke alichapisha kanuni yake mwaka 1678: ukiongeza mzigo mara mbili, springi nayo hubonyea mara mbili. Ila ugumu wa springi hutokana na umbo lake, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa ufito. Ufito wa milimita 15 ukiuweka kando ya ule wa milimita 14 hutaona tofauti kwa macho, lakini ule mnene ni mgumu zaidi kwa karibu asilimia 32, mengine yote yakiwa sawa. Kutu nayo hufuata hesabu hiyo hiyo kinyumenyume. Ikila nusu milimita ya unene wa ufito wa 14, asilimia 13 hivi ya ugumu imekwenda, na vishimo vya kutu huwa ndipo ufa unapoanzia.

Magari ya kazi yalichelewa kuipokea koili mbele. Range Rover ilitoka nayo mwaka 1970, lakini Land Rover ya kawaida iliendelea na kamani za vyuma bapa vilivyopangwa hadi mwaka 1983. Land Cruiser za kazi, zile ambazo Wakenya wamezizoea kwa polisi na mashirika ya misaada, zilipata koili mbele mwaka 1999 huku nyuma zikibaki na kamani. Sababu ya kuhamia koili ni rahisi: vyuma vile bapa husuguana, na msuguano huo huzuia gurudumu kufuata mashimo madogo. Koili haina msuguano huo. Kwa upande mwingine, kamani huishika ekseli mahali pake, ilhali koili haishiki kitu chochote kando. Kwa hiyo ekseli yenye koili huhitaji mikono ya chuma ya kuishikilia, na mikono hiyo italeta neno baadaye.

Ukienda dukani kutafuta springi mpya, swali la kwanza huwa: unataka kupandisha gari inchi ngapi? Naamini swali hilo linatangulia lisipostahili. Kinachofaa kuulizwa kwanza ni uzito unaokaa juu ya magurudumu ya mbele siku zote.

Tuchukue mfano wa gari ambalo kila springi ya mbele inabeba kilo 500, na ugumu wake ni kilo 3 kwa kila milimita. Likisimama tu, springi imebonyea kama milimita 165. Likitikiswa, sehemu yake ya mbele itapanda na kushuka karibu mara 1.2 kwa sekunde, mwendo unaokaribiana na hatua za mtu anayetembea polepole, na mwili wetu huuvumilia vizuri. Sasa mwenye gari ananunua springi yenye urefu ule ule lakini ya kilo 4 kwa milimita, kwa kuwa ameambiwa ni imara. Itabonyea milimita 125 tu. Gari limeinuka sentimita 4 naye anafurahi. Lakini mtikisiko umefika mara 1.4 kwa sekunde, na kila jiwe linasukuma fremu kwa nguvu iliyoongezeka kwa theluthi. Kama ameongeza bampa ya chuma, winchi na betri ya pili, springi hiyo ni haki yake. Kama hajaongeza chochote, amelipia maumivu ya mgongo, yake na ya yule mgonjwa aliyelazwa nyuma. Mizani ya magari inaweza kupima ekseli ya mbele peke yake, na kipimo hicho kingepaswa kutangulia ununuzi wowote.

Kuna pia desturi ya kusukumiza raba kati ya duru za springi iliyochoka. Raba huzizuia duru mbili tatu zisifanye kazi, na kazi yote ya kubonyea huhamia kwa zilizobaki. Gari huinuka kweli, lakini chuma kinapindwa kupita kipimo chake. Siipendi kabisa njia hii.

Na springi iliyochoka si lazima iwe imelegea. Mara nyingi ugumu wake ni ule ule wa kiwandani. Kilichopungua ni urefu, kwa kuwa chuma kilipindwa mno mara nyingi hadi kikakataa kurudi mahali pake. Ndiyo maana gari huinama mbele na kugonga raba za mwisho mapema, japo springi ikijaribiwa kwa mkono inaonekana nzima. Dawa yake ni springi mpya ya ugumu ule ule.

Barabara ya murram ina mtihani mwingine: matuta madogo yaliyojipanga kama mabati. Mwaka 2007 wanafizikia wa Ufaransa, Kanada na Uingereza walionyesha kwamba matuta hayo huota kwenye mchanga hata pale gurudumu lisipokuwa na springi, mradi tu mwendo umepita kiwango fulani. Matuta yakiachana kwa sentimita 70 na gari likienda kilomita 40 kwa saa, gurudumu hupigwa kama mara 16 kwa sekunde. Hapo mzigo mkubwa uko kwa shokabsoba, inayogeuza mitikisiko kuwa joto kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye matundu membamba. Springi mpya yenye nguvu ikiwekewa shokabsoba kuukuu, gari litadundadunda na usukani utapoteza utiifu kwenye kona.

Kazi yenyewe ya kubadilisha springi, kwa gari lenye ekseli nzima mbele, haina mzunguko mrefu. Panahitajika uwanja tambarare na mgumu. Udongo mweusi wa bonde la Lambwe mvua ikinyesha haufai hata kidogo. Magurudumu ya nyuma huwekewa vigingi, gari huinuliwa kwa jeki, kisha fremu hukalishwa juu ya stendi. Stendi zikae chini ya fremu, kwa kuwa ekseli yenyewe ndiyo itakayoshushwa. Shokabsoba hufunguliwa chini, kiungo cha stabilaiza kikatolewa, bomba la breki likaangaliwa lisivutike, na ekseli ikashushwa taratibu hadi springi iachie yenyewe.

Magari yenye springi iliyoizunguka shokabsoba, Hilux za tangu mwaka 2005 zikiwemo, ni habari nyingine. Humo springi hubaki imebanwa hata gari likiwa limeinuliwa. Springi ya mfano wetu ikibanwa sentimita 15 huhifadhi nishati sawa na ya jiwe la kilo 10 lililodondoshwa kutoka zaidi ya mita 3. Ifunguliwe kwa kifaa cha kubania springi pekee, kilicho kizima. Waya na kamba zimeshavunja mikono ya watu.

Kabla ya kuweka springi mpya, soma alama zake. Springi ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazilingani, na ncha ya ufito lazima iketi kwenye kituo chake. Kisha ile mikono inayoshika ekseli: gari likipandishwa sentimita 5 ekseli huzunguka kidogo, usukani ukaanza kutangatanga, na huenda bushi maalumu zikahitajika kuirudisha. Nati za bushi zisikazwe magurudumu yakiwa hewani. Zikikazwa hivyo, raba itabaki imesokotwa gari likishuka na itachanika mapema. Teremsha gari, litikise mbele mara kadhaa likae, ndipo ukaze.

Baada ya wiki chache za njia za kisiwani, kaza nati zote tena, upime kimo kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia.