Nilivyoiacha Kazi ya Benki

Bwana Mhariri ameniomba niwaeleze wanafunzi kazi niifanyayo, nami nafanya hivyo kwa furaha. Zamani tulipokuwa shuleni tulidhani kwamba mtu akipata kazi ya benki amekwisha fika. Mimi niliipata, kisha nikaiacha, na watu wa kwetu wakaniona mjinga.

Ofisi yangu iko Juba, Sudani Kusini, katika mtaa wa Hai Jalaba. "Hai" kwa Kiarabu ni mtaa, na "jalaba" ni jina la wafanya biashara waliotoka kaskazini. Basi hata jina la mtaa wetu ni la biashara. Nilikuja mwaka 2009 kuwa karani wa benki, kwani baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005 mabenki ya Kenya yalikuwa yakifungua matawi hapa. Mwaka 2013 wenye maduka kadhaa waliniajiri nisimamie ushirika wao na wauzaji wa Uganda na Kenya.

Je, kazi hizi mbili zina tofauti gani? Karani wa benki hutazama karatasi: sahihi, tarehe na dhamana. Hati zikiwa sawa hulipa, zikiwa na kosa hukataa. Msimamizi wa ushirika huanzia pale karatasi zinapoishia. Yeye huuliza: Unga ukilowa njiani kati ya Nimule na Juba, mwendo wa kilometa 192, hasara ni ya nani? Thamani ya fedha ikianguka, nani atabeba mzigo? Majibu yake huandikwa kabla lori halijaondoka.

Swali hilo la pili mimi sikuliuliza, nalisema kwa aibu. Mwaka 2015 mwenye duka mmoja alichukua kwa mkopo unga wa dola 10,000 kutoka kwa mwenye kinu wa Uganda. Bei ya serikali ilikuwa pauni 2.96 kwa dola moja. Mitaani dola ilikuwa ghali zaidi sana, lakini yeye alitumaini kuipata benki kwa bei ya serikali, akaweka tayari pauni 29,600. Mwezi wa Desemba bei ile iliachwa, dola ikafika kama pauni 18.5. Deni lile lile sasa lilitaka pauni 185,000, na mkataba nilioandika haukusema neno juu ya jambo hilo.

Mwenye kinu alikuja Juba amekasirika. Tuliketi siku mbili. Nikamwambia, "Mzee, ukimshtaki utapata duka tupu, ukimngoja utabaki na mnunuzi." Mwisho wakapatana: deni lilipwe kwa miezi kumi, mwenye kinu aiache faida yake, na mwenye duka asinunue unga kwingine mpaka amalize. Naye alimaliza. Tangu hapo kila mkataba wangu una kifungu cha fedha kubadilika thamani.

Sijutii miaka yangu ya benki, maana ndiko nilikojifunza kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari haliwapatanishi watu wawili waliopata hasara.

Ninyi mnaotamani kazi hii, shikeni hesabu. Jifunzeni na lugha: hapa Kiarabu cha Juba ni cha sokoni, Kiingereza ni cha mikataba, na Kiswahili ni cha madereva wengi wa malori. Tena, kabla ya kutia sahihi, ulizeni mapema lile swali ambalo kila mtu anaona haya kuliuliza.