Shokomzoba za Mbele si za Nyuma

Tuseme gari linatoka Nyamongo kwenda Mugumu. Ndani yake yumo mama mjamzito. Anakwenda hospitali. Barabara ya changarawe imejikunja kama bati. Gari linatetemeka. Mbele kuna kona, na baada ya kona kuna ng'ombe. Dereva anakanyaga breki. Je, gari litasimama?

Jambo hilo halitegemei breki peke yake. Linategemea pia shokomzoba. Mafundi wengine huiita shokapu.

KAZI YA SHOKOMZOBA

Tazama chini ya gari, karibu na gurudumu. Utaona springi. Springi hubeba uzito wa gari. Gurudumu likiingia shimoni, springi hupanda na kushuka. Kama haina kizuizi, itaendelea kuruka kama mpira.

Kizuizi hicho ndicho shokomzoba. Ni bomba lenye mafuta. Ndani yake mna kizibo chenye matundu madogo. Springi ikiruka, kizibo husukumwa katika mafuta. Mafuta hupita kwa shida katika matundu yale. Hivyo springi hutulia upesi, na gurudumu hubaki chini. Gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani.

Shokomzoba haibebi mzigo. Gari likilala nyuma, kagua springi.

KWA NINI ZINATOFAUTIANA?

Mbele ya pikapu kuna injini. Uzito wa injini ni ule ule kila siku. Nyuma ni mambo mengine. Asubuhi nyuma ni tupu. Jioni kuna magunia 10 ya mahindi. Kila gunia likiwa na kilo 100, hiyo ni tani moja. Kwa hiyo springi za nyuma hufanywa ngumu zaidi.

Chukua mfano wa Land Cruiser za mfululizo wa 70. Zilizotengenezwa tangu mwaka 1999 zina springi za mviringo mbele. Nyuma zina springi za vyuma bapa, kimoja juu ya kingine. Springi zikitofautiana, shokomzoba nazo hutofautiana.

Kwa hiyo fundi akikupa shokomzoba za aina mbili, moja ya mbele na nyingine ya nyuma, usidhani amekudanganya. Usilazimishe ya mbele iingie nyuma.

KOSA LA HATARI

Kosa ni kutofautisha kushoto na kulia. Watu wengine hununua shokomzoba moja tu, ili kuokoa fedha. Upande mmoja wanaweka mpya. Upande wa pili wanaacha kuukuu. Gurudumu moja linashika ardhi, lingine linaruka. Dereva akifunga breki, gari linaweza kuvutwa upande mmoja na kuingia mtaroni.

Kanuni ni hii: mbele na nyuma zaweza kutofautiana. Kushoto na kulia lazima zifanane, na zibadilishwe pamoja. Kama huna fedha za nne, nunua mbili za mbele au mbili za nyuma, zile zilizochoka zaidi.

KAGUA HIVI

1. Tazama kama shokomzoba inavuja mafuta.
2. Gari likiwa limesimama, kandamiza kona yake kwa nguvu, kisha achia. Likiendelea kupanda na kushuka, shokomzoba imechoka.
3. Pitisha mkono juu ya tairi. Tairi iliyolika kwa mabakamabaka ni dalili mbaya.
4. Tazama bushi za mpira juu na chini. Zikikatika, zibadilishe.

Kwenye barabara ya bati, punguza mwendo. Ukienda kasi, mafuta ya shokomzoba hupata moto sana na nguvu yake hupungua.

Abiria nawe usinyamaze. Gari likirukaruka, mwambie dereva. Shokomzoba mbili ni ghali, lakini maisha ya mama yule na mtoto wake hayanunuliwi dukani.