Vikuku vya Chuma vya Birongo

Mwanamke wa pwani hafundishwi thamani ya fedha. Kabla dhahabu haijaenea, bibi zetu wa Lamu, Mombasa na Unguja walivaa mafurungu miguuni na kekee mikononi, na sonara aliyeyafua hakuwa na mgodi wowote. Alipelekewa reale, ile sarafu ya Maria Theresa iliyoandikwa mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mia baadaye, akaiyeyusha na kuifua. Siku ya dhiki pambo lilirudi kwa sonara, likatiwa mizanini. Lilikuwa urembo, tena akiba.

Nayataja haya kwa sababu huko Birongo, bara, nimeona pambo la namna nyingine kabisa.

Birongo iko Nyaribari, mashariki ya mji wa Kisii, katika vilima vya migomba na michai. Nilikwenda kumzuru shemeji yangu anayesomesha huko. Jirani yake ni mjane mkongwe ambaye vijana humwita magokoro, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Aliposikia nauliza habari za mapambo, alimtuma mjukuu alete mkebe wa majani ya chai. Ndani mlikuwa na vikuku vyembamba vya chuma, vyeusi, vilivyolika upande mmoja. Havina nakshi wala kito.

Ndivyo viitwavyo ebitinge. Mhunzi wa Kigusii alivifua, na mwanamke akavishwa miguuni katika enyangi, sherehe kuu ya arusi, ambayo pengine ilifanywa miaka mingi baada ya ng'ombe wa mahari kutolewa na watoto kuzaliwa. Akishavishwa, alikuwa mke kamili mbele ya watu. Hakuvivua ila mume afe, au yeye mwenyewe aiache ndoa. Kufikia miaka ya 1950 enyangi ilikuwa imeanza kupungua, kwa gharama zake na kwa nguvu ya kanisa. Kwa hiyo mwenye ebitinge leo ni mtu wa umri mkubwa sana.

Nilimwuliza, shemeji akitufasiria, kama mwanamke aliweza kuviuza. Akacheka.

"Nani anunue ndoa ya mwenziwe? Na wa kwenu, huuza?"

Nikamweleza kwamba kwetu Waislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe, si ya baba wala ndugu, na pambo alilopewa ni mali yake.

"Haombi ruhusa?"

"Haombi, magokoro."

"Hata kwa mumewe?"

"Hata kwa mumewe."

Akakigeuza kikuku kimoja mkononi. Ng'ombe wake yeye walikwenda kwa babake, kama ilivyo desturi, na ndio walioozea kaka yake. "Basi wanawake wenu," akasema, "wamevaa ng'ombe wao miguuni."

Sijapata kusikia mtu akilieleza jambo hili vizuri zaidi. Na hatuko peke yetu. Wanavajo, wenyeji wa asili wa Arizona na New Mexico huko Marekani, nao huvaa akiba yao. Atsidi Sani, anayetajwa kuwa mfua fedha wao wa kwanza, alianza na chuma kama wahunzi wa Kisii, akifundishwa na Wameksiko. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwahamisha Wanavajo kwa nguvu hadi Bosque Redondo. Walirudi kwao mwaka 1868, na baadaye ufuaji wa fedha ukashamiri. Waliyeyusha sarafu za Marekani na za Meksiko kama masonara wetu walivyoyeyusha reale. Kwenye mwaka 1880 hivi wakawa wanapachika feruzi, kito ambacho wazee wetu wanakijua katika pete. Mkufu wao mkubwa huning'inizwa hilali, waiitayo naja, na yasemekana umbo hilo lilitoka kwa Waislamu wa Andalusia, likavalishwa farasi wa Wahispania, likavuka bahari nao. Ajabu ya safari!

Mnavajo alipopungukiwa, aliweka mkufu rehani dukani, akaukomboa akiuza sufu ya kondoo wake. Usipokombolewa, mwenye duka aliutunza vyema, kwani ulikuwa pesa. Leo mikufu ile ya kale huuzwa bei kubwa, na sheria ya mwaka 1990 inakataza kuuza ya bandia kwa jina lao.

Lakini chuma hakiwekwi rehani. Kweli, mafurungu mengi ya kwetu yameyeyushwa, ila aliyeyayeyusha alijua kwa mizani anachokipoteza. Ebitinge havina bei, na maana yake wanaijua wazee wachache. Hakuna atakayevitunza kwa tamaa.

Siku ya pili mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mizani yake ya kuning'iniza. Mjukuu akatoka na jembe bovu na karai lililotoboka, kisha akautupia jicho ule mkebe. Magokoro hakumwambia neno. Aliuchukua, akaingia nao chumbani.