Pembe za Shamba

Ndugu na jamaa wapendwa, hapa Uingereza hatuna shamba. Tuna mshahara, vyumba viwili na Jumamosi moja kwa juma. Hata hivyo Walawi 19 yatuhusu: mwenye shamba asivune mpaka pembeni, bali awaachie maskini na mgeni.

Ruthu Mmoabi aliishi kwa amri hiyo. Alifika Bethlehemu na Naomi, mama mkwe wake, wote wawili wajane, mwanzo wa mavuno ya shayiri, akaokota masuke nyuma ya wavunaji wa Boazi. Boazi akawaagiza vijana wake wamwangushie mengine kwa makusudi, wala wasimkemee. Angalieni hekima hiyo: mgeni alikula jasho lake, na heshima yake haikuguswa. Baadaye Boazi alimwoa, wakamzaa Obedi, babu yake mfalme Daudi.

Nasikia baadhi yetu wakisema wageni kutoka nyumbani wamezidi. Kwangu tumetenga kochi la sebuleni. Nawasihi kila nyumba itenge pembe yake: kitanda, nauli, au asubuhi moja ya kumsindikiza mgeni kwa daktari. Sisi nasi tulipofika tuliokota pembeni mwa wengine.

Bwana awabariki nyote.